Mwaka Mmoja wa Kukimbia kwa Ada: Tathmini ya Huduma ya Mazoezi Shangani, Mtwara

Nimelipa ada ya miezi 12 mfululizo kwa kocha anayetukusanya alfajiri pale Shangani, hivyo haya si maneno ya mtu aliyejaribu wiki mbili akaacha. Jina la kocha na la kikundi nayaacha kwa makusudi, kwa sababu nina malalamiko mawili matatu ambayo tumekwisha kuyazungumza ana kwa ana, na watu wa Mtwara wanaotoka mapema wanatufahamu bila kuambiwa. Mimi ni mwalimu wa sekondari, mwanamke wa miaka 53, mwenye goti la kulia lililowahi kuvimba na presha ambayo daktari aliniagiza niiangalie. Wenzangu wengi ni wa rika langu au wamenizidi kidogo: mama wawili wanaouza samaki, mstaafu wa bandari, dereva wa bajaji, makarani wa ofisi za serikali, na shemeji yangu, mzaliwa wa Mikindani anayeishi Uingereza, ambaye hukimbia nasi kwa njia ya simu.

Ada ni shilingi 15,000 kwa mwezi kwa aliye hapa mjini na 8,000 kwa aliye mbali. Kwa fedha hiyo unapewa ratiba ya wiki 16, mazoezi ya pamoja siku 4 kwa wiki, na nafasi katika kundi la WhatsApp ambamo kila mwanachama ana wajibu wa kutoa taarifa kila siku kabla ya saa 3 usiku, akiwa amekimbia au hakukimbia. Hakuna fulana, hakuna medali, na maji unakuja nayo mwenyewe.

Nianze na hiyo taarifa, kwa kuwa nimeona ndiyo inayolipiwa hasa, ingawa kocha mwenyewe anadhani tunalipia ujuzi wake wa mbio. Taarifa ina mambo matatu tu: kilomita, muda, na mwili unasemaje. Asiyekimbia huandika "Leo sikukimbia" na haulizwi sababu. Sharti hilo la kutoulizana sababu nililidharau mwanzoni, nikidhani litazaa uvivu, lakini nilielewa maana yake katika mwezi wangu wa pili kundini, nilipouguza mama yangu siku 9 pale Hospitali ya Rufaa ya Ligula. Kila jioni niliandika maneno hayo mawili nikiwa nimekaa kwenye benchi la nje ya wodi, na kila jioni mtu mmoja alijibu, "Tumekuona, Mwalimu," bila kuongeza neno. Siku ya 10 nilikimbia kilomita 2 tu, nikaandika 2, na mama mmoja wa samaki akatuma ujumbe wa sauti wa sekunde chache: "Pole na hongera vyote kwa pamoja, dada yangu, kesho nakusubiri hapa mwembeni." Nimewahi kulipia mambo mengi katika maisha yangu, lakini kusubiriwa mwembeni sikuwahi kukulipia kabla ya hapo.

Kwa upande mwingine, utaratibu huo una kero yake. Wapo wanachama ambao taarifa zao zimegeuka hotuba, na wapo wanaotuma picha za saa zao za mkononi zenye mistari na rangi ambazo sisi wengine hatuna haja nazo. Kundi linaanza kulia saa 10:40 alfajiri, na asiyezima mlio wa simu ataamka pamoja na nyumba nzima. Nilimwomba kocha atenge kundi la matangazo na kundi la mazungumzo, akaahidi, na ahadi hiyo nimeihesabu kuwa na miezi 7 sasa.

Ratiba ndiyo iliyonipa kazi ya kufikiri. Niliianza Juni, katika kipupwe, na hapo hakuna wa kulalamika. Upepo wa kusi unavuma, alfajiri joto hushuka hadi nyuzi 20 hivi, na mtu wa Mtwara huvaa sweta na kuapa kwamba amepatwa na baridi. Kwa kuwa jua la Julai huchomoza yapata saa 12 na nusu, tunaoanza saa 11:15 tunakimbia zaidi ya saa nzima kabla halijaonekana. Jumamosi tunakwenda Mikindani, yapata kilomita 10 kutoka mjini, na kwenda ni raha, maana kusi inakusukuma mgongoni hadi barabara inapoteremka kuelekea ghuba yenye minazi. Kurudi ndiko kunakomfundisha mtu adabu, kwa kuwa upepo uleule unamkabili kifuani. Kocha alipaswa kutueleza jambo hilo mapema. Mimi nililigundua kilomita ya 14, nikiwa nimemaliza nguvu zangu zote kwenye nusu ya kwanza kwa kudhani nimekuwa hodari ghafla.

Shemeji alitucheka sana kwa masweta yetu, na Desemba ilipofika tulielewa kwa nini. Katika siku fupi za mwezi huo, London jua huchomoza baada ya saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 alasiri, kiasi kwamba mfanyakazi hukimbia gizani akienda kazini au gizani akirudi, hana alfajiri wala magharibi ya kuchagua. Alitutumia picha ya glavu zake, taa ya kufunga kichwani, fulana ya kuakisi mwanga, na njia ya bustani iliyoganda hadi inang'aa kama sakafu iliyopigwa deki. Aliandika taarifa yake kwa ufupi uleule: "Km 8. Dk 55. Masikio hayapo." Siku zile ambazo theluji ilimzuia kutoka, mstaafu wa bandari alimjibu, "Kaa ndani, mwanangu, barafu ni ya kuwekea samaki," na nadhani kundi zima lilicheka kwa wakati mmoja. Shemeji ameniambia kwamba kwa majira yale yote ya baridi ni jibu la mzee huyo lililomfanya asiuze raba zake.

Lakini hapo hapo ndipo kasoro kubwa ya huduma hii ilipojitokeza. Ratiba tuliyopewa Desemba ilikuwa na sura ya ratiba za watu wa nchi za baridi. London Marathon hufanyika Aprili, hivyo anayejiandaa nayo hukimbia mbio zake ndefu zaidi kuanzia Januari hadi Machi, wakati baridi inamsaidia kuvumilia, kisha anapunguza majira yanapobadilika. Kwa shemeji mpango huo ulikuwa sahihi kabisa. Kwetu sisi, miezi hiyohiyo ni ya mvua na fukuto: Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Aprili au Mei, na hewa huwa imejaa unyevu kiasi kwamba jasho linatiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halimpoozi mtu. Kocha alitutaka tukimbie kwa kasi ileile kwa kilomita iliyoandikwa kwenye karatasi ya shemeji. Mwishoni mwa Januari karani mmoja wa miaka 58 alikaa chini karibu na Uwanja wa Nangwanda Sijaona, kichwa kinamzunguka, na tukambeba kwa bajaji ya mwenzetu.

Baada ya tukio hilo nilimwendea kocha, na hapa nampa sifa anayostahili, kwa kuwa alinisikiliza. Aliondoa kasi za kwenye karatasi na kuweka kipimo cha mazungumzo: ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika, mwendo unakufaa; ukiweza kuimba, ongeza; ukitoa neno moja moja, punguza. Mbio ndefu alizisogeza zianze saa 11 kamili na kuzifupisha kwa robo. Ramadhani ilipoingia, ikaangukia Februari na Machi, aliyahamisha mazoezi ya waliofunga hadi muda mfupi kabla ya futari, mwendo wa kutembea haraka tu, ili mtu amalize akiwa karibu na tende na maji. Wasiofunga waliungana nasi jioni hizo bila kuombwa.

Suala jingine tuliloshindana ni mapigo ya moyo. Kocha hutumia kanuni iliyozoeleka ya kutoa umri katika 220, ambayo kwangu mimi inatoa 167 kuwa kiwango cha juu. Kanuni hiyo ni rahisi kukumbuka, lakini kwa watu wa umri wetu inaelekea kushusha makadirio kuliko inavyostahili. Uchambuzi wa Tanaka na wenzake wa mwaka 2001, uliounganisha tafiti 351, ulipendekeza 208 ukitoa umri uliozidishwa kwa 0.7. Kanuni hizo mbili zinakutana katika umri wa miaka 40, zote zikitoa 180, kisha zinaachana kadiri mtu anavyozeeka: kwangu ya pili inatoa 171, na kwa mzee wetu wa miaka 65 tofauti inafika mapigo 7 hadi 8. Si jambo la kumvunjia mtu urafiki, na mwenye presha anayetumia dawa zinazopunguza mapigo hapaswi kutegemea kanuni yoyote kati ya hizo pasipo kumuuliza daktari wake. Hata hivyo, anayetoza ada kwa watu wa miaka 50 anapaswa kujua hesabu inayowahusu watu wa miaka 50.

Upungufu wa mazoezi ya nguvu unanisumbua zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wazima wafanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, na juu ya hayo mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Dakika tunazipata na kuzidi. Misuli tumeachiwa wenyewe, wakati ndiyo inayopungua umri ukisonga, na ndiyo inayolishikilia goti kama langu. Kupasha mwili moto hudumu dakika 5 badala ya 15, na kunyoosha viungo mwishoni kunafanywa na wale tu wasio na haraka ya kuwahi daladala. Nilijitungia mwenyewe zoezi la kukaa na kuinuka kwenye kiti cha jikoni, mara 3 za 10, na la kupanda na kushuka ngazi ya baraza, na goti limetulia tangu Novemba. Hayo sikuyapata kwa ada yangu.

Kuhusu hamasa, kocha ana ulimi mzuri, ila wakati mwingine unamzidi. Septemba 2025, Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo kwa saa 2:09:48, akimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu 3 za mia za sekunde, tulishangilia hadi majirani wakafungua madirisha. Jumatatu iliyofuata kocha akaamuru kila mmoja amalize mita 100 za mwisho kwa kasi yake yote, "kama Simbu." Goti langu lilikataa kwa niaba yangu, na wanachama wawili wakapumzika siku 10 kwa kukaza misuli ya paja. Simbu ana haki ya kukimbia hivyo. Sisi tulikuwa na samaki wa kuuza na madaftari ya kusahihisha.

Usalama wa wanawake gizani umeshughulikiwa vizuri, na hili nalisisitiza kwa dada zangu wanaosita. Hakuna anayekimbia peke yake kabla ya mapambazuko. Anayekwenda polepole kuliko wote ndiye anayeweka mwendo wa kundi la nyuma, na mwanamume mmoja hubaki nyuma yake kwa zamu. Tunaovaa hijabu na suruali ndefu hatujawahi kusikia neno la kutukwaza. Taa za barabarani ni habari nyingine, ila hizo hazimo katika shilingi 15,000.

Kwa anayetafuta kushinda mbio au kupunguza dakika nyingi kwenye muda wake, kuna makocha wanaofahamu hesabu zaidi kuliko huyu, na huenda akalazimika kuwatafuta nje ya mkoa. Kwa mtu aliyevuka miaka 40, ambaye amewahi kuanza mara tatu na kuacha mara tatu, ada hii si ghali. Mimi nilianza na kilomita 2 za kukimbia na kutembea, leo namaliza Mikindani kwenda na kurudi, na presha yangu, nikiendelea na dawa, imeshuka kiasi cha kumfanya daktari anipime mara ya pili kwa kutoamini.

Nimelipia mwaka wa pili. Jambo moja tu nimemwekea kocha kwa maandishi, nalo ni njia ya Naliendele, ambayo hutumika Jumamosi zisizo za Mikindani. Mikorosho inapoanza kuchanua, wakulima hupuliza salfa ya unga kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho, na huifanya kazi hiyo alfajiri kwa sababu ndipo upepo umetulia na majani yana umande wa kuishika dawa, yaani saa zilezile tunazopita sisi tukihema midomo wazi. Mwaka jana nilirudi nyumbani macho mekundu na koo linawasha, mume wangu akaniuliza nimelia nini. Mwaka huu, hadi upulizaji utakapokwisha, mimi Jumamosi zote nitakuwa Mikindani, na taarifa yangu nitaitoa kabla ya saa 3 kama kawaida.