Karakana ya Ngarenaro iliyoifufua sabufa yangu

Sabufa ya inchi 12 iliyomo katika Noah yangu ilinyamaza nikiwa Usa River, nikitokea Moshi. Ilianza kwa kukwaruza kila besi ilipopiga, kisha harufu ya waya ulioungua ikajaa garini. Katika duka la kwanza nililoingia mjini Arusha nilielezwa, bila hata boksi kufunguliwa, kwamba sabufa hiyo ni ya kutupa na ninunue nyingine. Sikukubali, kwa kuwa koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya spika, ikiungua, sumaku na fremu ya chuma mara nyingi hubaki nzima. Ndipo nikaelekezwa kwa fundi redio mwenye karakana ndogo Ngarenaro.

Alianza kwa kuikandamiza koni, ile sehemu ya mbele inayotetema, taratibu kwa viganja viwili huku ameinamisha sikio, na sote wawili tukausikia mkwaruzo. Akapima kwa mita. Spika ya omu 4 (kipimo cha ukinzani wa umeme) iliyo nzima husoma zaidi kidogo ya 3, lakini yangu haikusoma chochote, maana yake waya wa koili ulikuwa umekatika. Ilipochomolewa, koili ilikuwa nyeusi na varnishi yake imetoka malengelenge, nayo ndiyo yaliyokuwa yakisugua sumaku.

Kazi iliyonivutia zaidi ni ya kuirudisha. Alisafisha mwanya wa sumaku, koili inamokaa, kwa utepe wa gundi, akiutoa na kuukagua kila mara hadi ulipotoka bila chembe ya chuma. Koili mpya aliisuka mwenyewe kwa waya wa shaba, kisha, ili ikae katikati barabara, akachomeka vipande vyembamba vya filamu ya eksirei kuizunguka pande zote, kwa sababu mwanya ule ni mwembamba kiasi kwamba koili ikiegemea upande mmoja kidogo tu itakwaruza na kuungua tena. Vipande hivyo havikuondolewa mpaka gundi ilipokaa saa 24. Mwishoni aligusisha betri ndogo ya volti 1.5, chanya kwa chanya, na koni ikasogea nje, ishara kwamba nyaya hazikupinduliwa.

Hakunikabidhi kabla ya kulikagua gari, na kwa hilo ninamheshimu sana. Alikuta kirekebisho cha nguvu cha amplifaya kimezungushwa hadi mwisho, na waya wa hasi umefungwa juu ya rangi ya bodi badala ya chuma kitupu. Alinieleza kwamba amplifaya inayosukumwa kupita uwezo wake, tena ikiwa na umeme hafifu, hukata vilele vya mawimbi ya sauti, na koili hupata joto jingi kuliko inavyoweza kulipoza. Alikwangua rangi, akakaza waya, akashusha nguvu ya amplifaya.

Kasoro zipo. Aliahidi Jumatano, nikaipata Ijumaa bila kupigiwa simu, na sikupewa risiti wala dhamana ya maandishi. Besi nayo ilikuwa kavu kidogo wiki ya kwanza, kwa kuwa kitambaa chenye mikunjo kinachoishikilia koili ni kipya na kilikuwa bado kigumu. Nililipa shilingi 65,000, na kwa kazi ya namna ile sioni kuwa ni nyingi.

Anayepeleka sabufa yake pale aende na gari lenyewe, siyo spika peke yake, na aombe makubaliano yaandikwe kabla boksi halijafunguliwa.