Udurusu wa Somo la Kompyuta: nyenzo tatu za bure zinazofaa KCSE, na vijitabu vya kuangalia mara mbili

Ukiwa na karatasi za manila, mkasi na kalamu ya wino mzito, unaweza kudurusu mada nzima ya uwakilishaji wa data bila kuwasha kompyuta hata moja. Ndiyo maana CS Unplugged, seti ya michezo ya darasani ya kufundishia kompyuta, tunaiweka ya kwanza kati ya nyenzo tatu za bure tunazozipima hapa kwa ajili ya kidato cha nne. Ya pili ni Ada Computer Science, benki ya maswali kutoka Uingereza. Ya tatu ni Thonny, programu ya kuandikia Python. Tutagusa pia vijitabu vya maswali vinavyouzwa mashuleni msimu wa mitihani ya majaribio ukifika, kwa sababu huko ndiko pesa za wazazi zinakoyeyukia.

Kipimo chetu ni mtihani wenyewe wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari nchini Kenya. Somo la Kompyuta, namba 451, lina karatasi ya nadharia ya saa mbili na nusu yenye alama 100. Sehemu A ina maswali mafupi 15 ya alama 40. Sehemu B ina alama 60, swali la 16 likiwa la lazima na mtahiniwa akijichagulia mengine matatu. Karatasi ya pili ni ya vitendo, maswali mawili yenye alama sawa. Ya tatu ni mradi. Kundi la mwisho la mfumo wa elimu wa 8-4-4 litaufanya mtihani huu mwaka 2027, kwa hiyo bado kuna watoto wa kuandaliwa.

CS Unplugged ilianzishwa miaka ya 1990 na Tim Bell, Mike Fellows na Ian Witten, na inatunzwa na Chuo Kikuu cha Canterbury nchini New Zealand. Inafundisha sayansi ya kompyuta kwa kadi, kamba, chaki na watoto wenyewe kusimama na kusogea. Leseni yake inaruhusu kunakili na kubadilisha bila kulipa. Pakua mara moja, chapisha saiba, basi. Hakuna akaunti wala bando la kila wiki.

Shughuli yenye faida kubwa kwa KCSE ni kadi za binari. Kwenye tovuti ziko tano: vitone 1, 2, 4, 8 na 16. Wanafunzi watano husimama mbele, kila mmoja na kadi yake. Kadi inayoonyesha vitone ni 1, iliyogeuzwa ni 0. Darasa linataja namba, walio mbele wanageuza kadi mpaka vitone vitimie. Kosa la mara ya kwanza ni la mpangilio: walio mbele wanalitazama darasa, hivyo kulia kwao ni kushoto kwa wenzao. Mwenye kitone kimoja akienda upande usiofaa, 01101, ambayo ni 13, darasa linaisoma 10110, yaani 22, na dakika kumi zinapotea kwa ubishi. Andika 1 kwa chaki sakafuni upande wa kulia wa wanaotazama kabla hujawaita.

Kadi tano zinaishia 31, na mtihani hupenda biti nane, yaani tarakimu nane za 0 na 1. Ongeza 32, 64 na 128. Usijichoshe kuchora vitone 128. Andika tarakimu kubwa isomeke kutoka dawati la mwisho. Kisha tengeneza kadi moja ya ziada ambayo haimo kwenye seti yao, nayo ndiyo tunayoisisitiza kuliko zote: −128 kwa wino mwekundu. Ikichukua nafasi ya 128, seti nzima inageuka kuwa somo la komplementi ya mbili, njia ya kuandika namba hasi kwa binari.

Chukua swali la aina inayojirudia: tafuta 8 − 14 kwa komplementi ya mbili, biti nane. Kumi na nne ni 00001110. Geuza kila biti, upate 11110001. Ongeza 1, upate 11110010. Jumlisha na 00001000, jibu ni 11111010. Hapo wengi hukwama, hawajui wamepata nini. Waite wenye kadi wasimame hivyo hivyo: −128, 64, 32, 16, 8 na 2 zimeinuliwa. Sitini na nne, thelathini na mbili, kumi na sita, nane na mbili ni 122. Jumlisha na −128, imebaki −6. Hakuna kanuni ya kukariri. Ni hesabu ya duka.

Kadi hizo hizo zinaanika kosa linalokula alama kuliko yote: kugeuza biti kabla ya kujaza sifuri za kushoto. Mwanafunzi huandika 14 kama 1110, akigeuza anapata 0001, akiongeza moja ni 0010. Anajumlisha na 1000, anapata 1010, kisha anaandika kwa furaha kwamba jibu ni 10. Mwambie atafute mwenye kadi nyekundu yuko wapi. Hayupo kwenye safu, na kosa amejionea mwenyewe. Kosa la pili ni kuchanganya biti inayofurika. Kwenye 14 − 8 kwa komplementi ya mbili unapata 1 00000110, na ile ya tisa inatupwa. Kwa komplementi ya moja, ambapo biti hugeuzwa bila kuongeza 1, unapata 1 00000101, na ile ya tisa hairuhusiwi kutupwa. Inarudishwa na kujumlishwa upande wa kulia ndipo itoke 00000110. Fanyeni njia zote mbili kwa swali moja, ubaoni, bega kwa bega. Ukizifundisha siku tofauti utavuna mkanganyiko.

Kwa sehemu za namba, kata kadi tatu ndogo: nusu, robo, thumuni. Lugha yetu inazo tayari. Mwanafunzi aliyeshika nusu na thumuni huku robo imegeuzwa anaona 0.101 ni 0.625. Ukiweka 101 upande wa kushoto wa nukta una 5.625, na swali limekwisha.

Shughuli nyingine inayolipa ni ya namba ya ukaguzi, tarakimu ya mwisho inayofichua kosa la uandishi. Mwambie kila mmoja aje na pakiti tupu, ya unga, ya majani ya chai, yoyote yenye mistari ya kuskani na tarakimu 13. Za Kenya nyingi zinaanza na 616, za Tanzania na 620. Kutoka kushoto, tarakimu za nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea zizidishwe kwa 1. Za nafasi ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea zizidishwe kwa 3. Ishieni kwenye ya kumi na mbili. Jumlisha. Kinachohitajika kufikia kumi inayofuata ndicho tarakimu ya 13, na kama jumla yenyewe imegota kwenye kumi, tarakimu ni 0. Kisha badilisheni nafasi za tarakimu mbili zilizo jirani mhesabu tena: hapo makosa ya kupindua tarakimu yanaacha kuwa ufafanuzi wa kukariri. Mwanafunzi mwepesi atagundua kuwa 1 na 6 zikibadilishana nafasi hesabu haigutuki, kwa sababu jumla hubadilika kwa kumi kamili. Mpongeze, amepata udhaifu wa kweli wa mfumo huo.

Ule mchezo wao wa kugundua kosa kwa kadi 36, wanafunzi wakipanga tano kwa tano nawe ukiongeza safu na mstari wa sita ili kila upande uwe na kadi za rangi kwa idadi shufwa, unavuta darasa lolote. Mmoja akigeuza kadi ukiwa umegeuka, wewe unaipata pale safu na mstari wenye idadi witiri vinapokutana. Utumie siku darasa limechoka. Hakikisha amegeuza moja tu: akigeuza mbili kwenye mstari mmoja, mstari unabaki shufwa, safu mbili zinakuwa witiri, na utajua kuna kosa bila kujua liko wapi. Mitandao ya kupanga namba na mji wenye matope ni michezo mizuri sana, lakini miezi miwili kabla ya KCSE iache. Haimo kwenye silabasi.

Upungufu wa CS Unplugged ni kwamba haina maswali yenye alama. Inajenga uelewa, haifundishi kujibu. Dakika ishirini za kadi zifuatwe na dakika ishirini za daftari, la sivyo wanafunzi watatoka wakiwa wamefurahi tu.

Pengo hilo ndilo Ada Computer Science inaloliziba kwa sehemu. Ni kazi ya Chuo Kikuu cha Cambridge na Raspberry Pi Foundation, ilianza kwa jina la Isaac Computer Science, ikabadilishwa jina mwaka 2023 kwa heshima ya Ada Lovelace. Mwalimu anafungua akaunti, anaunda kundi, anawapa wanafunzi msimbo wa kujiunga, kisha anawapangia maswali. Mfumo unasahihisha wenyewe na mwalimu anaona kwenye jedwali nani amekwama wapi. Jibu likikosewa, mara nyingi mwanafunzi anapewa dokezo linalolenga kosa lake hasa, jambo ambalo mwalimu mwenye wanafunzi hamsini hawezi kulifanya kwa kila mmoja.

Tatizo ni kwamba imeandikwa kwa silabasi za Uingereza, na mwalimu asipochuja atapoteza muda. Komplementi ya mbili, kwa mfano, bodi kubwa za GCSE, mtihani wa sekondari wa Uingereza, kama AQA na OCR haziidai. Ukitafuta kwenye ngazi hiyo utadhani haipo. Panda ngazi ya A level uchague maswali mepesi, lakini ruka namba za nukta inayoelea. Kwa mfumo wa namba wa nane (octal), ambao KCSE inaupenda, tunga maswali yako mwenyewe. Vizazi vya kompyuta, kuanzia vali hadi saketi unganifu, usivitafute huko. Tumia kitabu cha kiada. Kwa mitandao, usalama wa data na algorithimu, benki hii ni hazina kweli.

Shule zinazofanya Cambridge IGCSE 0478 zitafaidi zaidi, maana mada zinakaribiana mno. Tahadhari moja: sudokodi ya Cambridge, yaani hatua za programu zilizoandikwa kwa maneno ya kawaida, hutumia mshale ← kukipa kigeu thamani, na mifano ya Ada haifuati mtindo huo. Mwanafunzi asome wazo, kisha aliandike upya kwa mtindo wa mtihani wake.

Kama intaneti ya shule ni ya kubahatisha, usipange darasa zima liingie kwa mpigo. Mwalimu aingie peke yake, aonyeshe swali kwa projekta, wanafunzi waandike majibu kwenye karatasi, kisha darasa lipige kura jibu gani liingizwe. Bando la simu moja linatosha, na mjadala unakuwa mkali kuliko kila mtu akiwa na skrini yake.

Thonny ni ya Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, na inakuja na Python ndani yake, kwa hiyo unasakinisha kitu kimoja tu na baada ya hapo huhitaji intaneti. Maabara yenye mashine za Windows 7 isichukue toleo la kawaida. Upo upakuaji tofauti wenye Python 3.8. Hata kama wanafunzi wako wanatumia Visual Basic, inafaa kwa kazi moja: jedwali la kufuatilia, linaloonyesha thamani za vigeu hatua kwa hatua. Fungua menyu ya View, weka alama kwenye Variables, kisha anzisha kwa Ctrl+F5 na usonge kwa F6, au F7 ukitaka kuingia ndani ya usemi. Andika kitanzi kifupi: jumla = 0, n = 1, na wakati n ni ndogo kuliko au sawa na 4, jumla inaongezewa n, kisha n inaongezewa 1; nje ya kitanzi, jumla ichapishwe. Wanafunzi wajaze jedwali kwa kalamu kwanza. Wengi watakoma pale n ikiwa 4. Thonny itawaonyesha n ikifika 5, sharti likikataa, ndipo jumla ya 10 ichapishwe. Huo mstari wa mwisho wanaousahau una alama yake.

Kwa karatasi ya vitendo, zote tatu hazisaidii, na tunalisema wazi ili mtu asijidanganye. Hapo dawa ni karatasi zilizopita na ripoti za KNEC, baraza la mitihani la Kenya, ambazo hutoa maswali, majibu yanayotarajiwa na udhaifu wa watahiniwa. Makosa ni yale yale. Kwenye lahajedwali, fomula =B4*F1 ikiburutwa chini inakuwa =B5*F2, F2 ni tupu, na seli zinazofuata zinajaa sifuri; dawa ni $F$1. Kwenye hifadhidata ya Access, ufunguo msingi ukiwa AutoNumber na ule wa jedwali la pili ukiwekwa kama maandishi, uhusiano unakataa kulazimishwa. Uweke Number, Long Integer. Halafu kuna mtahiniwa aliyefanya kila kitu sawa lakini hakuchapisha, hakuandika jina na namba yake juu kulia, au aliweka nywila kwenye faili. Zoezi lolote la vitendo lisihesabiwe limekwisha mpaka karatasi itoke kwenye printa na faili ifunguke kutoka kwenye CD kwenye mashine nyingine.

Kuhusu vijitabu vya kununua: vingine ni vizuri, vingi ni nakala ya nakala, na mwongozo wa kusahihisha una makosa yanayorithiwa mwaka hadi mwaka. Kabla ya kulipa, omba kurasa za komplementi ya mbili na uhesabu mwenyewe maswali matatu. Kisha tazama kama jibu la swali la alama tatu lina hoja tatu au lina sentensi moja. Kikianguka kwenye moja kati ya hayo mawili, rudisha, na pesa hizo nunua rimu ya karatasi na wino wa printa.