Banio letu baada ya kusanifiwa upya: nyota 4, si 5

Tulikuwa tukifika kwenye banio, yaani ukuta unaokatiza mto ili kuinua maji, tunashuka, tunabeba mitumbwi begani na kulizunguka, kwa mazoea tu. Ukuta wenyewe ulikuwa mfupi: maji yaliporomoka mita 1.2. Ukija kutoka juu ya mto huuoni. Unaona mto umetulia, basi. Mimi nilikuwa nikiogopa maporomoko yenye kelele, si hiki kijiukuta.

Mhandisi wa kampuni tuliyoipa kazi alianza kwa kutupa dumu tupu mtoni. Likavuka ukuta, likazama, likaibuka hatua chache mbele, kisha likarudi lenyewe chini ya ukuta na kuzamishwa tena. Nilihesabu mara 11 nikachoka. Maji yanayoanguka wima hupiga mbizi hadi chini, na yale ya juu yanarudi kinyumenyume kuelekea ukutani. Pale pana povu jingi, na maji yaliyojaa hewa hayabebi kitu vizuri, kwa hiyo hata jaketi la kuokoa maisha si la kutegemea. Anayekimbilia kumwokoa mwenzake naye hunaswa.

Ukuta haukubomolewa, maana unahitajika kuinua maji. Walichofanya ni kujaza mawe makubwa upande wa chini, mteremko wa mita 1 kwa kila mita 20, jumla kama mita 24. Mawe yamepangwa kwa mistari yenye umbo la V, ncha ikielekea maji yanakotoka. Hapa ndipo walipostahili pesa yao. Maji huvuka kizuizi kwa pembe mraba na mstari wake, kwa hiyo mikono miwili ya V huyasukuma katikati. Sisi tunapata njia moja ya kupita, na kingo zinabaki na maji ya polepole yasiyokula udongo.

Tulibishana na mhandisi kuhusu mawe. Nilitaka ya mviringo, yasikwaruze mitumbwi. Akakataa: ya mviringo hubingirika, yenye pembe hushikana. Tukakubaliana njia ya katikati iwekwe mawe makubwa zaidi, uso laini ukiwa juu.

Nyota moja nimeiondoa kwa sababu ya mkono wa kushoto. Uliishia kwenye ukingo badala ya kuchimbiwa ndani yake. Mafuriko ya kwanza yakapita nyuma ya mawe na kumega kipande cha ukingo kirefu kuliko mtumbwi. Kwa watu wanaojiita wataalamu wa mmomonyoko, hilo lilinikera. Walirudi bila ubishi, wakachimba, wakatandika kitambaa cha kuchuja na kokoto ili udongo usivutwe kupitia matundu ya mawe, ndipo wakapanga mawe upya na kupanda nyasi juu. Mafuriko mawili yamepita tangu hapo, ukingo upo.

Mabango ya tahadhari nayo waliyaweka mwisho kabisa, wakati yangetangulia hata kabla ya jiwe la kwanza. Na mto ukifurika hatupiti, mawe yakifunikwa maji hubadili tabia.

Siku ya makabidhiano nililitupa tena lile dumu. Likashika njia ya katikati, likateremka bila kusimama, ikabidi tulifukuze kwa mtumbwi hadi kwenye kona.