Kuchagua Kijumba cha Mbao cha Bustanini Chenye Baraza: Aina Tano, Kuanzia Inayofaa Zaidi

Mnunuzi anayekwenda kuulizia kijumba cha mbao kwa ajili ya bustani yake, iwe Mbezi, Njiro, Karen au Nyali, huonyeshwa kwanza chumba: ukubwa wake, madirisha yake, mlango wa vioo na mng'ao wa vanishi. Baraza hutajwa mwishoni, kana kwamba ni nyongeza. Naamini inafaa kuanza upande wa pili. Kwa hali ya hewa yetu, baraza ndilo watu watakalokaa asubuhi na jioni, na chumba kitakuwa cha kuwekea viti, kufanyia kazi au kupumzikia mvua inapozidi. Zaidi ya hayo, kijumba cha mbao kikianza kuoza au kuliwa, mara nyingi huanzia barazani, kwa sababu nguzo za baraza hupigwa na mvua na jua kuliko ukuta wowote, tena huishia karibu na udongo. Kwa hiyo aina tano zilizomo humu nimezipanga kwa kuuliza kwanza baraza lake litakuwa katika hali gani baada ya misimu kadhaa ya masika, na baadaye ndipo nikauliza habari za chumba.

Kina cha baraza, yaani umbali kutoka ukutani hadi kwenye nguzo za mbele, kisipungue mita 2.4. Meza yenye upana wa sentimita 90, pamoja na nafasi ya kuvuta viti pande zote mbili, huzimaliza mita hizo zote. Baraza la mita 1.5, ambalo wauzaji wengi huliweka ili bei ionekane ya chini, hutosha benchi moja lililoegemea ukuta na njia ya kupita, wala halitoshi watu kula pamoja.

Mwelekeo nao una uzito wake. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, mwezi Machi na Septemba jua huwa limeinama hadi takriban nyuzi 45 mnamo saa tisa na nusu alasiri, na takriban nyuzi 30 ifikapo saa kumi na nusu. Ikiwa ukingo wa paa uko mita 2.4 juu ya sakafu na baraza limeelekea magharibi, mwanga wa saa tisa na nusu utakuwa umefika ukutani, na saa moja baadaye hakutakuwa na kiti hata kimoja chenye kivuli, ingawa paa lipo na limelipiwa. Baraza lielekezwe kaskazini au kusini, na pale ambapo upepo wa kusi hurusha mvua, kaskazini ni salama zaidi. Kama kiwanja hakiruhusu ila magharibi, basi agiza chiki (mapazia) za mianzi au ukuta wa fito upande huo tangu mwanzo.

Jambo la tatu la kuangalia kabla ya kuulizia bei ni kama chumba na baraza vimefunikwa na paa moja. Paa la baraza linapopachikwa chini ya paa la chumba baada ya ujenzi, maungio ya ukutani huwa mahali pa kwanza pa kuvuja, na maji yanayopenya pale hushuka ndani ya ukuta bila kuonekana. Paa moja linaloteremka kutoka nyuma ya chumba hadi mbele ya baraza, au lenye pande mbili na kenchi zilizorefushwa kufunika baraza, halina maungio hayo.

Aina ninayoiweka ya kwanza ni kijumba cha fremu ya paina iliyotiwa dawa kwa shinikizo, chenye kuta za mbao za kupishana na sakafu iliyonyanyuliwa juu ya nguzo fupi za zege. Paina hupatikana kwa wingi, hasa kutoka Sao Hill wilayani Mufindi, lililo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya Serikali nchini Tanzania, na mafundi wanajua kuifanyia kazi kwa vipimo vilivyozoeleka vya inchi mbili kwa nne na mbili kwa sita. Kuharibika kipande kimoja si msiba: kinang'olewa na kingine kinawekwa, jambo ambalo aina nyingine chache huliruhusu. Paina isiyo na dawa, hata hivyo, ni chakula cha mchwa, na hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kuwa mkali.

Dawa ya shinikizo huingizwa katika tangi la chuma: mbao hufungiwa humo, hewa huvutwa nje, kisha dawa husukumwa ndani ya mbao kwa nguvu. Dawa ya kupakwa kwa brashi, au ya kuchovya kwa muda mfupi, hubaki juu juu, na rangi ya kijani inaweza kufanana kabisa kwa nje. Njia ya kuzitofautisha ni kuomba kipande kikatwe katikati, si mwishoni, na kutazama rangi imefika wapi. Katika paina nzuri, sehemu ya nje yenye rangi hafifu inapaswa kuwa imelowa dawa yote. Kila fundi anapokata mbao kwenye eneo la kazi hufungua sehemu isiyo na kinga, kwa hiyo ncha zilizokatwa zipakwe dawa tena siku hiyo hiyo, na jambo hili liandikwe katika makubaliano kwa sababu ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Dawa inayotumika sana ina shaba, kromiamu na aseniki. Vipande vilivyobaki visitumike kuwa kuni wala kutengenezea meza ya chakula, na misumari iwe ya kupakwa zinki, kwa kuwa dawa hiyo hula chuma kitupu.

Tena mbao zikitoka kwenye tangi huwa zimelowa. Zikipigiliwa zikiwa mbichi, zitasinyaa ukutani na kuacha nyufa, na zile za sakafu zitapinda. Uliza zimeanikwa muda gani, zikiwa zimepangwa kwa vipande vya kuzitenganisha na kufunikwa juu, na ikiwezekana zipimwe: unyevu uwe chini ya asilimia 20. Mbao nzito kuliko nyingine za ukubwa ule ule katika rundo moja huenda bado ina maji, na hiyo hujulikana kwa kuinyanyua tu.

Kuhusu miguu, sipendi nguzo ya mbao iliyozamishwa ndani ya zege. Zege huishika pande zote, maji huingia kati yake na mbao, na nguzo huoza pale pale inapotoka ardhini, mahali ambapo jicho halifiki kwa urahisi. Mguu wa zege uinuke juu ya udongo, uwekwe kiatu cha chuma, na nguzo isimame juu ya kiatu hicho bila kugusa zege. Acha nafasi ya angalau sentimita 45 chini ya sakafu ili mtu aweze kuinama na kutazama, na juu ya kila mguu liwekwe bati lililokunjwa kingo kuelekea chini. Bati hilo halimzuii mchwa kabisa, bali humlazimisha kujenga njia yake ya udongo mahali panapoonekana, nawe unaibomoa na kutia dawa kabla hajafika kwenye mbao. Kijumba kilichokalia moja kwa moja juu ya sakafu ya zege iliyomwagwa ardhini hakikupi nafasi hiyo.

Aina ya pili ni ya nguzo za mviringo za mkaratusi zilizotiwa dawa, zinazobeba paa kubwa, na chumba cha mbao kikijengwa chini yake. Mwenye kiwanja cha mteremko, au anayetaka baraza pana kuliko chumba chenyewe, ningemshauri aanze na hii. Nguzo nene hubeba masafa marefu, na baraza hubaki wazi bila nguzo nyingi za katikati. Ipo sababu ya kuchagua nguzo ya mviringo badala ya mkaratusi uliopasuliwa: moyo wa mti huu hauingizi dawa vizuri, ila tabaka la nje ndilo huinywa. Nguzo nzima huwa imezungukwa na kinga pande zote. Ukipasua mti huo kuwa mbao, moyo usio na kinga unatokeza nje. Kwa hiyo pia usimruhusu fundi kuchonga sana nguzo ili kuipachika boriti, wala kuikata upande wa chini. Apunguze urefu kwa upande wa juu, kisha apake dawa. Kasoro ya mkaratusi ni kupasuka na kujipinda unapokauka, na ndiyo sababu haikupata nafasi ya kwanza: kuta zilizonyooka ni ngumu kuzifunga vyema kwenye nguzo ambazo bado zinajinyonga.

Ya tatu ni kijumba cha mbao ngumu, kama vile mkongo, mvule au msaji. Moyo wa miti hii hustahimili mchwa na kuoza bila dawa, na baraza la msaji hupendeza kwa miaka mingi. Ningeiweka juu zaidi kama isingekuwa bei, na kama kila kinachouzwa kwa jina la msaji kingekuwa moyo. Mti uliovunwa mchanga huwa na sehemu kubwa ya nje yenye weupe, na sehemu hiyo huliwa kama mbao nyingine yoyote. Msaji hulimwa katika mashamba kama Mtibwa na Longuza, ilhali mkongo na mvule kwa kawaida hutoka katika misitu ya asili, kwa hiyo dai hati za uvunaji na usafirishaji, kwani mbao zisizo na hati zinaweza kukamatwa, nawe ukawa umeshalipa. Njia ya busara kwa wengi ni kutumia mbao ngumu kwa nguzo za baraza na sakafu yake tu, na paina kwa kwingineko.

Kijumba cha magogo yaliyolazwa moja juu ya jingine ndicho wengi wanachokiota, nami nimekiweka cha nne. Mbao husinyaa kwa unene wake, ila kwa urefu wake ni kidogo mno. Maana yake ni kwamba ukuta wa magogo yaliyolazwa hushuka sentimita kadhaa kadiri unavyokauka, wakati nguzo za baraza zilizosimama hazishuki, na paa linalokaa juu ya vyote viwili huinama kuelekea chumbani na kubana milango. Mjenzi anayeijua kazi hii huacha nafasi juu ya milango na madirisha na kuweka skrubu za kushushia nguzo za baraza. Muulize muuzaji kuhusu mambo hayo mawili, na asipokuwa na jibu, usinunue. Lushoto, Njombe, Mufindi au Limuru, ambako usiku ni baridi, ukuta mnene una faida ya kweli. Dar es Salaam au Mombasa faida hiyo haipo. Angalia pia usije ukauziwa mabanzi kwa jina la magogo. Mabanzi ni yale makombo ya nusu duara yanayobaki kiwandani gogo linapopasuliwa, na si mabaya kwa kufunika fremu, mradi yawe yamebanduliwa magome, kwa sababu gome huhifadhi maji na wadudu.

Seti za kuunganisha zinazoagizwa Ulaya nimeziweka za mwisho. Nyingi hutengenezwa kwa sprusi, mti wa mbao laini wa nchi za baridi, isiyotiwa dawa, kuta zake nyembamba zikiwa na milimita 28, na huletwa kwa dhana kwamba mnunuzi atapaka rangi na kwamba mchwa hawapo.

Kwa paa la aina yoyote kati ya hizi, bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na pwani chagua lililopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki. Makuti yanapendeza na yanapunguza joto, lakini yanahitaji mteremko mkali wa karibu nyuzi 45, hubadilishwa mara kwa mara, na chini yake hapawashwi jiko la mkaa.

Unapolinganisha bei, dai mita za mraba za chumba na za baraza ziandikwe mbali mbali. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye baraza la mita 2.4 kwa 4 hutangazwa kama kijumba cha mita za mraba 21.6, ilhali chumba ni 12 tu, na muuzaji mwingine anayetangaza 12 huenda hajahesabu baraza lake kabisa. Kibali cha ujenzi kiulizwe katika halmashauri au kaunti kabla ya malipo ya kwanza, na sehemu ya mwisho ya fedha ibaki mkononi mwako hadi mvua kubwa moja iwe imenyesha na wewe umeingia chini ya sakafu na tochi.