Huduma ya kupima wingi wa virusi hapa kliniki ninapochukulia ARV (dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI)

Naipa nyota nne. Dada wa maabara anatoa damu taratibu, anaandika namba yako kwenye kichupa huku unaona, jina halitajwi kwa sauti. Ila nilichopenda zaidi ni daktari anavyoelezea majibu, yaani chini ya nakala 50 za virusi kwa mililita ya damu ni safi kabisa, ikipita 1000 hawakurupuki kukubadilishia dawa, wanakaa na wewe muongee unavyomeza dozi alafu wanarudia kipimo baada ya miezi 3. Figo pia wanacheki kwa sisi tunaomeza tenofoviri, ARV inayoweza kusumbua figo. CD4, yaani seli za kinga ya mwili, zikiwa chini ya 200 wanakupima TB na ile fangasi ya ubongo. Nyota moja nimekata sababu majibu yanachelewa mno, unakaa roho juu wakati meseji tu ingetosha.