Roboti ya kujibu wateja WhatsApp: ipi ununue, ipi uiache

Ukiuza vitu mtandaoni Dar es Salaam, maswali ya wateja unayajua kabla hawajaandika. Bei gani? Mpo wapi? Mnatuma mikoani? Mwisho bei gani? Yanaingia saa sita mchana duka likiwa limejaa, yanaingia saa saba usiku umelala, na ukichelewa unaambiwa "asante, nimeshapata". Ndiyo maana siku hizi hukosi kijana wa kukuuzia chatiboti. Nimezipanga hapa kuanzia ninayoipendekeza hadi ile ambayo hata ukipewa bure uikatae. Sikuangalia sana ujanja wa roboti yenyewe. Nimeangalia namba inabaki kuwa ya nani, na mteja anampataje mtu pale roboti inapokwama.

1. WhatsApp Business ya kawaida, ya bure

Hii ipo tangu 2018 na wengi wanayo kwenye simu bila kuitumia hata nusu. Si roboti kamili, lakini kwa duka la mtu mmoja au wawili inatosha. Unaweka salamu ya kujituma yenyewe, ujumbe wa muda ambao umefunga, na majibu ya haraka hadi 50: ukiandika mkwaju na neno fupi, kwa mfano "/mikoani", maelezo yote ya kutuma mzigo kwa basi yanajitokeza. Katalogi inabeba hadi bidhaa 500.

Udhaifu wake ni kwamba salamu haisomi mteja alichoandika. Inakwenda kwa mtu mpya au aliyekaa kimya siku 14, basi. Kwa hiyo usiijaze "karibu sana mteja wetu mpendwa". Weka mahali ulipo kwa namna ambayo mtu wa Mbagala au Tegeta ataelewa: ashuke kituo gani cha mwendokasi, aingie mtaa gani, duka liko ghorofa ya ngapi. Na weka bei. Hii tabia yetu ya "bei njoo inbox" ndiyo inayozalisha meseji tunazotafutia roboti.

2. Roboti ya vitufe kwenye mfumo rasmi wa WhatsApp

Hapa ndipo pesa inapoanza kutoka. Inafaa zahanati, shule binafsi, kampuni ya kusafirisha vifurushi, au duka lenye wauzaji kadhaa wanaojibu namba moja. Mteja anachagua kutoka vitufe visivyozidi vitatu au orodha ya mambo yasiyozidi kumi. Faida yake kwa hapa kwetu ni kubwa kuliko wauzaji wanavyoeleza, kwa sababu mteja wa Dar haandiki sentensi. Anaandika "bei gn" au "mpo wp". Roboti inayotafuta maneno maalumu inapotea hapohapo, lakini kitufe hakina tahajia.

Gharama zake zina mifuko miwili, na mawakala wengi hupenda kuichanganya. Mfuko wa kwanza ni wa wakala: kukufungia mfumo na ada ya kila mwezi. Wa pili ni wa Meta, wenye WhatsApp. Tangu tarehe 1 Julai 2025, Meta hutoza kwa kila ujumbe wa kiolezo (maandishi yaliyoandaliwa na kuidhinishwa na Meta kabla, ndiyo unayomwanzia mteja) unaomfikia mteja, kwa bei ya dola inayotegemea aina ya ujumbe na nchi ya anayeupokea. Lakini mteja akianza yeye kuandika, majibu yako ya kawaida ndani ya saa 24 hayatozwi na Meta. Maana yake ni kwamba biashara inayosubiri kuulizwa italipa Meta kidogo sana, na anayepiga matangazo kwa namba elfu tano kila Ijumaa ndiye atakayelia. Dai mchanganuo wa mifuko hiyo miwili kwenye ankara. Wakala asiyetaka kuitenganisha, mwache.

Uliza pia akaunti itasajiliwa kwa jina la nani. Ikiwa ni jina lake, siku mkigombana namba ambayo wateja wako wameihifadhi miaka yote inabaki kwake. Na kuwe na kitufe cha "ongea na mtu". Huo si upole tu, kanuni za WhatsApp zenyewe zinaitaka biashara inayotumia majibu ya roboti iwe na njia ya wazi ya kumfikisha mteja kwa binadamu.

3. Roboti ya akili mnemba

Hii ndiyo inayopigiwa debe kuliko zote, nami naiweka ya tatu kwa makusudi. Inaelewa sentensi, inajibu Kiswahili kizuri, haichoki. Tatizo ni kwamba inaweza kujibu hata isichokijua. Februari 2024, baraza la kuamua migogoro midogo la British Columbia, Kanada, liliiamuru Air Canada imlipe fidia abiria aliyepewa na chatiboti ya shirika hilo maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli ya msiba, yaani punguzo kwa anayesafiri kwa sababu ya kufiwa. Shirika lilijitetea kwamba roboti inawajibika yenyewe kwa maneno yake. Baraza halikukubali.

Halafu kuna kupatana bei. Desemba 2023, roboti ya wauzaji wa Chevrolet huko California ilizungushwa maneno na mtu mmoja hadi ikakubali kuuza gari kwa dola 1. Gari halikutoka, lakini aibu ilitoka. Sasa fikiria roboti hiyo mbele ya mteja wa Kariakoo aliyelelewa kwenye kupatana. Ukiinunua, ifungie kwenye orodha yako ya bei, na "mwisho bei gani" ipelekwe moja kwa moja kwa mtu.

Kama unatafuta msaidizi wako mwenyewe wa kuandikia matangazo au kutafsiri barua ya msambazaji wa Guangzhou, hilo ni jambo jingine na halihitaji kupita WhatsApp. ChatGPT na Gemini zina programu zake, na za bure zipo. Anayekuuzia "ChatGPT ya WhatsApp" leo mwulize vizuri: kanuni ya Meta iliyoanza tarehe 15 Januari 2026 ilizuia roboti za maongezi ya jumla kwenye mfumo wa biashara, na namba ya ChatGPT yenyewe ikaondoka siku hiyo. Roboti ya biashara inayohudumia wateja wake bado inaruhusiwa.

4. Telegram

Kutengeneza roboti ni bure tangu 2015, unaongea na BotFather, roboti ya Telegram yenyewe ya kusajili roboti nyingine, unapewa tokeni, yaani msimbo wa siri wa kuiunganisha roboti yako na programu itakayojibu. Roboti haiwezi kumwanza mtu, lazima yeye aanze. Nzuri kwa anayeuza notisi za masomo au mwenye wafuasi walioko huko tayari. Kwa muuza vitenge, wateja hawapo.

5. Messenger na Instagram

Tumia majibu ya bure yaliyomo, yamwelekeze mteja WhatsApp. Usilipie zaidi.

6. Roboti ya kuskani

Anakuja mtu na bei ya kutupa, unaskani msimbo kama unafungua WhatsApp kwenye kompyuta, roboti inaanza kujibu. Hiyo si njia rasmi, inavunja masharti ya WhatsApp, na siku namba ikifungiwa hakuna wa kumlalamikia. Isitoshe, mtu huyo sasa anaweza kusoma maongezi yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakubana wewe uliyezikusanya taarifa za wateja.

Malipo nayo yaangalie kabla hujasaini. Nchi hii kila mwenye simu ameshapokea "ile pesa itume kwenye namba hii". Roboti inayorusha namba ya kawaida ya simu ili mteja atume hela inafanana mno na meseji hiyo. Iwe lipa namba, na jina linalotokea kabla mteja hajaweka namba ya siri lifanane na jina la duka.

Kabla ya kutoa hata senti, omba roboti ya majaribio na uitumie kama mteja wako anavyofanya. Andika "bei gn ile nyeusi". Tuma picha uliyoikata kutoka stetasi bila neno lolote. Tuma sauti ya dakika nzima yenye kelele za daladala. Kisha andika "nataka mtu" na uangalie inachukua muda gani simu ya mtu halisi kulia. Wakala akikuambia wateja watazoea kuandika vizuri, rudi namba moja.