Kifurushi cha "Elimu na Makala": picha safi, elimu haba

Hawa wauza televisheni ya dishi haki yao niwape kwanza: picha haina doa. Hata mvua za vuli zilipotupiga hapa Ngamiani haikukatika, na fundi aliyekuja kufunga dishi alipanda juu ya bati kwa adabu, hakutuachia tundu. Kwa dishi, nyota zote wachukue.

Ila mimi sikufuata dishi. Nililipia kifurushi kikubwa kwa ajili ya hilo kundi la chaneli wanaloliita "Elimu na Makala", wajukuu wapate cha maana wakitoka madrasa. Fungua saa mbili usiku uone: wachumba wasiojuana vizuri wanatukanana. Hama chaneli, wanaume wa Las Vegas wanavutana bei ya saa kuukuu, na hiyo eti ndiyo chaneli ya historia! Hama tena, mtu anachagua shela. (Hiyo niliitazama mpaka mwisho, nisiseme uongo. Mimi ni fundi cherehani.)

Chaneli hii ya mashela, TLC, ilianzia Marekani mwaka 1972, kwa mkono wa serikali na NASA, shirika lao la anga za juu, ikirusha masomo kwa setilaiti hadi milima ya Appalachia. Najua kilichoigeuza: rialiti, yaani vipindi vya kuwarekodi watu wakiishi maisha yao, ni nafuu kutengeneza. Humlipi mwigizaji mkubwa, wala humpeleki mpiga picha akae porini miezi akimvizia chui. Sawa, biashara. Basi hilo neno "Elimu" walitoe kwenye bei.

Mjukuu wangu akaniuliza habari za silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu enzi za dinosaria, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Naye yumo humu humu baharini kwetu Tanga. Tangu 2009 kuna hifadhi yenye jina lake. Nikamwambia tungoje, watamwonyesha tu. Tukangoja weee! Aliyekuja kumweleza ni jirani yetu mvuvi, barazani, bila malipo.

Nikapiga simu huduma kwa wateja: vipindi vya sayansi viko wapi? Kijana akajibu kwa heshima zote, "Shikamoo mama. Vipo, ila saa tisa usiku."

Mwenye watoto wa shule achukue kifurushi cha chini, chenye taarifa ya habari na mpira. Mimi cha juu kikiisha mwezi huu sikirudii, na chenji yake nishaipangia: vitabu vya picha.